Tukishasaini

Mimi si mtu wa kutishika ovyo. Muulize yeyote aliyewahi kuketi kwenye kiti changu cha kusukia akalalamika kwamba namvuta nywele: namjibu palepale, na kuvuta naendelea. Lakini siku ile ya kusaini niliogopa mpaka meno yakawa yanagongana, mchana kweupe, jua linawaka. Sijawahi kuogopa hivyo tangu nizaliwe, na mtu asinijie na habari za kujikaza.

Saluni yangu iko barabara ya ziwani. Chumba kimoja, vioo viwili, sinki la kuoshea vichwa, basi. Maji yanavutwa kwa pampu kutoka ziwani hadi kwenye tangi juu ya paa. Zamani ilikuwa raha tupu. Kisha ziwa likageuka kijani. Kiwanda cha mbolea na yale mashamba makubwa ya huko juu walikuwa wanamwaga mabaki yao mtoni, mto unatuletea sisi, na mbolea haichagui cha kukuza. Ikakuza mwani, ukatanda juu ya maji mpaka yakawa mazito kama rangi ya ukuta. Unanuka, na ukioza unatoa sumu. Sinki langu jeupe likashika duara la kijani lisilotoka hata ulisugue kwa hasira za mwaka mzima. Wateja wakaanza kujikuna vichwa, wakaanza kunipa visingizio, mwisho wakawa wanapita upande wa pili wa barabara kama hatujuani.

Tukashtaki, mtaa mzima, kaka yangu mkubwa akiwa mwenyekiti wa kamati. Kesi ikaahirishwa, ikasikilizwa, ikaahirishwa tena, hadi kiwanda na wenye mashamba wakachoka, au wakajifanya wamechoka, wakasema yaishe nje ya mahakama. Watachimba kisima na kutuletea bomba la maji safi. Watalipa fidia. Watajenga mabwawa ya kuchujia uchafu wao kabla haujafika mtoni. Ila kila mlalamikaji lazima asaini. Akikosekana hata mmoja, hakuna mapatano. Na ukisaini, wewe na wote walio chini ya uangalizi wako hamtadai tena, si kwa madhara yaliyotokea, wala kwa yatakayotokea.

Wakili wetu, mwanamke mpole mwenye miwani mikubwa kuliko uso, alilirudia neno hilo la "yatakayotokea" kwenye mkutano ili lituingie. Mtu wa nyuma akauliza, na ziwa lenyewe litapona lini? Wakili akasema labda miaka kumi, labda zaidi, kwa sababu mbolea imeshakaa kwenye tope la chini. Watu wakaguna. Na mimi nikaguna. Halafu tukaanza kubishana bomba lipite upande gani wa barabara.

Sasa njoo kwa mjukuu wangu. Mama yake, binti yangu, anafanya kazi mbali, kwa hiyo mtoto namlea mimi. Mtaa mzima unamwita Kiroboto kwa sababu hatulii: unamweka hapa, unamkuta kule. Alijua kuogelea kabla hajajua kufunga viatu. Ziwa lilipoharibika nikampiga marufuku kulisogelea, na tangu siku hiyo nikawa sina amani.

"Bibi, lini nitaogelea tena?"

"Tukishasaini."

"Tukishasaini maji yatakuwa safi?"

"Yatakuwa safi, ndiyo. Hebu niache nisuke, kichwa cha mwenzio kimebaki nusu."

Ndivyo nilivyomjibu, leo, kesho na keshokutwa, chanuo mdomoni. Nani hajawahi kumjibu mtoto hivyo? Mtoto anataka jibu, wewe unataka utulivu, mnapeana. Wateja walicheka. Mmoja akasema, "Huyu siku ya kusaini atatangulia yeye kwenye kiti." Tukacheka wote.

Siku yenyewe nilimsuka vizuri, nikamfunga utepe wa njano, tukaenda naye kwenye ukumbi wa shule, ambao uko juu kidogo ya ziwa. Watoto wakabaki kucheza nje na Bosi. Bosi ni mbwa wa fundi viatu, jirani yangu, na aliitwa Bosi kwa kuwa kazi yake ilikuwa kulala mlangoni kwa watu na kuwaangalia kama waajiriwa wake. Alimpenda Kiroboto kuliko alivyompenda mwenye mbwa.

Ndani kulikuwa na meza ndefu. Upande mmoja wakili wa kiwanda na suti yake, upande mwingine wakili wetu, katikati kaka yangu amejaa kifua, akiita watu nyumba kwa nyumba. Nyumba yangu iko mwisho wa barabara, kwa hiyo nilikuwa wa mwisho. Wa kwanza aliposaini, ukumbi ukalipuka kwa makofi. Kichwa chenye utepe wa njano kikachomoza dirishani.

"Bibi! Wameanza kusaini?"

"Wameanza. Toka hapo dirishani, utaanguka."

"Wakimaliza ndiyo basi?"

"Ndiyo basi."

Akacheka meno yote nje, akatoweka. Nikamsikia anamwita Bosi. Mimi nikarudi kumnong'onezea jirani yangu habari za suti ya wakili.

Foleni ikaenda, ikaenda, hatimaye kaka akaniita mimi. Nikakaa, nikapewa kalamu, nikatafuta mahali pa jina langu. Hapo ndipo Bosi alipoingia.

Alikuwa ameloa, na manyoya yake yalikuwa ya kijani kama aliyemwagiwa rangi. Alitembea upande upande, miguu ya nyuma haimtii. Mtu akapiga kelele, "Jamani, Bosi kalewa!" na watu wakacheka. Mbwa akafika kati ya viti, akaanguka, povu likamtoka, miguu ikaanza kupiga hewa. Kicheko kikakatika. Fundi viatu akapiga magoti, akamshika kichwa, anamwita, "Bosi, Bosi, baba, vipi?" Mbwa akajinyoosha, akanyamaza. Amekufa hivihivi, mbele yetu, tunaangalia.

Kila mtu alikuwa anamwangalia mbwa. Mimi nilikuwa naangalia shingo yake. Alikuwa amefungwa utepe wa njano.

Nilisimama, kiti kikaanguka nyuma yangu, na kaka akanishika mkono. Sitasahau alichosema. "Dada, saini kwanza. Ni sekunde moja tu."

"Niache!" Nilimpiga kikumbo, mtu mzima mwenzangu, mbele ya mawakili, nikatoka mbio.

Nilishuka ule mteremko sijui vipi. Viatu vilibaki njiani. Nilimwita kwa jina la utani, nikamwita kwa jina lake la ukweli, nikamwita mama yake, nikamwita Mungu. Ufukweni nikakuta gauni lake juu ya jiwe, limekunjwa vizuri kama nilivyomfundisha, na ndala zake pembeni. Maji mbele yangu yalikuwa yametulia tuli, kijani kitupu, huoni hata unyayo wako ukitia mguu. Nilitia miguu yote miwili. Nilikuwa napapasa kwa mikono kama mtu aliyedondosha shilingi, nalia kwa sauti, huku kichwani linapita swali moja tu: nitamwambia nini mama yake?

"Bibi."

Alikuwa nyuma ya kibanda cha pampu, amekaa chini, amejikunyata, kijani mpaka kwenye mistari ya nywele nilizomsuka asubuhi. Alikuwa anatetemeka. Midomo ilikuwa imepauka.

"Bibi, midomo inawashwa. Na miguu haitaki kusimama."

"Umekunywa? Sema kweli! Umekunywa?"

"Nilipiga mbizi, yakaingia. Yalikuwa machungu." Akatapika kidogo, akajifuta kwa kiganja. "Nikajua bado hujasaini."

Nilitaka kumbeba, nikashindwa kumwinua. Fundi viatu ndiye aliyenifuata mbio. Alikuwa amemwacha mbwa wake sakafuni. Alimtwaa mtoto, akamweka mgongoni, tukaenda hivyo hadi zahanati, mimi nyuma nimeshika mguu wa mtoto, kama vile nikiuachia tu nitampoteza.

Muuguzi alimwosha, akamwosha tena, maji yakawa bado yanatoka kijani. Daktari akamtundikia dripu, akanivuta kando kwenye korido. Alikuwa kijana, na nilimwona anatafuta maneno.

"Mama, dawa ya kuiondoa sumu hii sina. Tunausaidia mwili wake upambane wenyewe. Ikiingia kwenye ini inaweza kuchelewa kujionyesha. Leo anaweza kuonekana nafuu, kesho ikawa vingine."

"Vingine vipi?"

Akasema atarudi kumwangalia kila mara. Nikamchukia kwa kutonijibu, na nikamshukuru.

Nikakaa kando ya kitanda. Kila pumzi ya yule mtoto niliisubiri. Ikichelewa kidogo, na yangu inasimama. Aliuliza Bosi yuko wapi, nikasema amelala. Nilikuwa nimeshalisema kabla sijajisikia nalisema.

Jioni kaka akaja. Alikuwa na lile faili la mapatano kwapani na kalamu mkononi, na nyuma yake, nje ya dirisha, nikasikia sauti za watu. Mtaa mzima ulikuwa umejaa uwanjani. Walikuja kumpa mtoto pole, ndiyo, lakini pole haina minong'ono ya namna ile.

"Anaendeleaje?" akauliza kaka.

"Unamwona."

Akalitoa faili kwapani. "Dada, wakili wa kiwanda anaondoka sasa hivi. Anasema akiondoka bila karatasi kamili, mapatano yamekufa, turudi mahakamani. Wote wamesaini. Umebaki wewe."

"Wewe una akili kweli? Nisaini kwamba sitadai yatakayotokea? Yatakayotokea ndiyo haya, yamelala hapa!"

"Punguza sauti."

"Sipunguzi!"

Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Alikaa chini kwenye ukingo wa kitanda, kaka yangu, mtu mwenye kifua kile, akawa kama mzee. "Wangu nao wanaoga yale maji, dada. Wanapigia mswaki yale maji. Bila bomba, kesho ataletwa nani hapa? Nakuomba. Naogopa."

Na mimi nilijua ni kweli. Hapo ndipo nilipoogopa vibaya zaidi, kwa sababu hapakuwa na upande wa kukimbilia. Nikisaini, nimemuuza huyu. Nisiposaini, wale wa nje, watoto wao, sinki zao, na macho yao nitakayokutana nayo kila asubuhi nikifungua saluni. Kalamu ilikuwa imeshafika mkononi mwangu, sijui niliichukua saa ngapi.

"Bibi, saini."

Kiroboto alikuwa amefumbua macho.

"Saini, Bibi. Ukisaini yatakuwa safi. Na haya ya tumboni yatakuwa safi, nitapona." Alijaribu kuinua mkono wenye dripu kunisogezea faili. "Fanya haraka, Bibi. Yananiuma."

Kaka akageuza uso ukutani.

Niliweka kalamu juu ya faili, nikamrudishia vyote viwili. "Nenda ukawaambie nimekataa. Waambie wanichukie mimi, mtoto wasimguse. Mpaka daktari aniambie amepona, sisaini kitu."

Kaka alitoka. Nikasikia mlango, kisha nikasikia mwanamke mmoja, mteja wangu wa siku zote, analia kwa hasira na kutaja jina langu.

Lakini aliyelia zaidi alikuwa huyu wa kitandani. "Kwa nini umekataa? Bibi! Kwa nini umekataa? Sasa nitakufa?"

Nikapiga magoti sakafuni ili nimwone vizuri. Nilimshika uso. Bado alikuwa na kijani nyuma ya sikio, muuguzi hakukiona.

"Nisikilize. Kusaini hakusafishi maji. Ni jina tu kwenye karatasi. Hata tungesaini wote, ziwa lingekuwa vilevile, leo na kwa miaka mingi. Bibi alikudanganya."

Alikuwa anayapanga yale maneno kichwani, niliona.

"Hata nilipokuuliza dirishani?"

"Hata dirishani."

"Na Bosi hajalala."

"Hajalala."

Machozi yakamtiririka hadi masikioni, hakuyafuta. Mimi nikaona huo uso unanitoka mikononi, nikasema upesi lile ambalo mtu yeyote angesema. "Lakini wewe utapona. Unanisikia? Kesho utapona."

Akaniangalia, dripu inadondoka, watu wananung'unika nje.

"Kweli, Bibi? Au kama ya ziwa?"

Mimi, ninayemjibu kila mtu palepale, nilimshika mkono tu.