Shahidi wa Kura ya Madam

Nyumba nzima kule Al-Nuzha, Jeddah, ilimjua kwa jina la Maryann, na jina hilo halikuwa lake. Yeye alikuwa Serah Mutheu wa Mwingi, na jina hilo alilificha jinsi mtu anavyoficha ugonjwa. Kafili wake wa kwanza, yaani mwajiri aliyemdhamini, alikuwa Riyadh. Ndiye aliyemleta nchini mwaka wa 2016, akamnyang'anya pasipoti siku ya kwanza, na mara mbili akamfungia stoo siku tatu nzima kwa kosa la kumpigia mama yake simu. Serah alipotoroka, kafili alikwenda kuandikisha kwamba mfanyakazi wake amekimbia. Tangu hapo jina la Serah lilikaa kwenye kompyuta za polisi. Yeyote ambaye angelipata angelirudisha kwa yule bwana wa Riyadh, pamoja na mwenye jina.

Alijificha Manfuha, mtaa wa huko huko Riyadh, miezi miwili, chumba kimoja na wanawake wanane. Mmoja wao, Maryann Wanja, alikuwa na ikama halali, yaani kibali cha kuishi nchini, na huruma kupita kiasi. Akampa Serah fotokopi ya ikama yake. Ilikuwa fotokopi ya fotokopi, uso umekuwa doa jeusi tu, ungeweza kuwa wa Wanja, wa Serah, au wa askofu. Dalali akamsafirisha Serah mpaka Jeddah na karatasi hiyo, akamweka kwa Madam Abir, na Madam hakuuliza mengi. Nani huuliza mengi akishapata mtu anayejua kupika?

Sasa sikia vituko vya dunia hii. Madam Abir alizaliwa Marekani, baba yake alipokuwa akisomea udaktari huko, katika mji mkubwa ambao mimi siutaji, maana watu wake ni wepesi wa kushtaki. Alikulia huko mpaka miaka kumi na miwili, na pasipoti ya huko alikuwa nayo. Mwaka wa 2018 mji huo ukawa na uchaguzi wa meya, uchaguzi wa kutukanana na kurushiana kesi kabla hata kura hazijapigwa. Upande mmoja alisimama tajiri wa majengo. Upande wa pili alisimama mwalimu mstaafu, na mwalimu huyo ndiye aliyemfundisha Madam darasa la tatu. Hapo Madam hakuambilika. Alitaka kumpigia mwalimu wake kura kutoka Jeddah, kwa posta, na sheria ya kule ikamruhusu.

Ila bahasha ya kura ilidai shahidi. Mtu mzima yeyote aone mpiga kura akitia sahihi, kisha naye aandike jina, anwani, na kutia sahihi yake. Baba, yaani mume wa Madam, alishasema mambo ya Wamarekani yasimhusu. Basi Madam akaingia jikoni na kalamu.

"Maryann, njoo utie sahihi hapa. Dakika moja tu."

Serah alikuwa anakata vitunguu. Akaweka kisu chini. Karatasi ya kwanza aliyotia sahihi maishani ni ya wakala Nairobi, na ilimpeleka stoo. Ya pili alilazimishwa kuitia kidole huko Riyadh, na baadaye akasomewa kwamba amekiri kuridhika na kila kitu. Na sasa hii, yenye nembo ya serikali ya watu. Lakini angemwambia nini Madam, kwamba hajui kuandika? Kila Jumamosi alikuwa anamwandikia orodha ya sokoni.

Akapangusa mikono. Kwenye mstari wa jina akaandika kwa herufi kubwa, polepole: MARYANN WANJA. Akaandika anwani ya nyumba. Halafu kwenye mstari wa sahihi mkono ukaenda wenyewe, ukaandika ulivyozoea tangu siku ya kuchukua kitambulisho: S. Mutheu, kwa mwandiko wa mtoto wa shule ambao hata kipofu angeusoma. Hakugundua. Madam naye hakutazama, akalamba bahasha, akambusu shavuni na kwenda zake.

Serah aligundua akiwa kitandani amejilaza baada ya chakula cha mchana. Alikaa wima. Alijiambia nani atasoma bahasha moja kati ya malaki, kule mbali. Alijiambia hivyo wiki tatu, kila usiku upya.

Kura zilipohesabiwa, mwalimu alimzidi tajiri kwa kura nne. Mji mzima, kura nne! Mawakili wa tajiri wakaingia kwenye bahasha za ng'ambo na miwani, wakazipekua moja moja. Siku ya pili Madam akapata barua kwenye kompyuta, akaja kumsomea Serah akiwa amechangamka kama bibi harusi. Sahihi ya shahidi hailingani na jina lake. Shahidi ajitokeze kwa vidio keshokutwa, aonyeshe kitambulisho, aapishwe, na namba ya kitambulisho itahakikiwa. Asipojitokeza, kura itafutwa.

"Ni kusema ukweli tu," Madam alimwambia. "Uliandika jina gani lile, la utani? Usiogope bwana. Mwalimu wangu anaweza kushinda kwa sababu yako."

Serah akasema sawa, madam. Akarudi jikoni, akafungulia maji ili asisikike akilia.

Dereva wa nyumba alikuwa Justus, Mkenya wa Kakamega, mtu pekee aliyejua siri. Aliingia kuchukua chai, akamkuta, na Serah akamweleza yote kwa kunong'ona.

"Dadangu, hapa umejichoma," Justus akasema. "Twende Sharafiya, hapa hapa mjini, leo hii. Kuna mama anaitwa Hannah, ana chumba nyuma ya hoteli yake. Hiyo mambo ya kura waachie wenyewe."

"Nikitoroka watamtafuta Maryann. Hiyo kura ina jina lake."

"Kura, kura! Ni kura yako?"

"Kura?" Sauti ilitoka mlangoni. Ni Baba, na kikombe mkononi. Baba hakujua Kiswahili hata neno, lakini hilo moja alilisikia vizuri, na alimtazama Justus kwa macho makali. "Kura timu gani?"

Kwa Kiarabu kura ni mpira. Justus alikuwa mwepesi.

"Ittihad, baba. Mimi nasema Ittihad mzuri, huyu anabisha."

"Ittihad mwaka huu mafi, halas," Baba akasema, yaani hakuna kitu, imekwisha, kwa uchungu wa kweli, akajazia kikombe, akasimama pale dakika tano akieleza ubovu wa mabeki. Justus aliitikia kila neno. Serah alishika ukingo wa sinki mpaka Baba alipoondoka.

Usiku na mchana uliofuata aliyapima mambo hayo hayo. Akimwonyesha wakili ile fotokopi na kuapa kwamba yeye ni Maryann, namba itahakikiwa, na Wanja wa watu, aliyemsaidia, atakamatwa kwa kuazimisha ikama. Akikimbia, ni vilevile. Akisema jina lake, atamwokoa Wanja na kura ya Madam, na atajimaliza mwenyewe. Alitafuta njia ya nne. Hakuipata, na aliogopa, tena aliogopa vibaya, hata kuonja mchuzi alishindwa.

Siku ya kiapo, saa kumi na moja za jioni, Madam aliweka kompyuta kwenye meza ya chakula na kumkalisha Serah mbele yake. Kioo kikaleta watu watatu: mwanamke wa tume ya uchaguzi, wakili wa mwalimu, na wakili wa tajiri, mwenye koti na sura ya mtu aliyeamka kudai haki yake. Kwao ilikuwa asubuhi. Madam alikaa pembeni, amemshika Serah goti.

Serah akainua mkono wa kulia. Akaapa.

"Jina lako kamili," mwanamke wa tume akasema.

Alimtazama Madam, kisha kioo. Akapiga moyo konde.

"Serah Mutheu Kioko."

Mkono wa Madam uliondoka gotini.

Wakamwomba alitaje herufi moja moja. Akalitaja, na kila herufi ilikuwa inamvua nguo, kisha akainua mbele ya kioo kitambulisho chake cha Kenya, ambacho yule bwana wa Riyadh hakukipata. Wakili wa tajiri akauliza kwa nini basi aliandika jina la mtu mwingine, na kama analijua kosa la kudanganya.

"Niliogopa," Serah akasema kwa Kiingereza chake cha shule. "Kuna mtu Riyadh alinifungia. Nikiandika jina langu, watanirudisha kwake. Lakini mimi ndiye niliyemwona madam akitia sahihi. Hiyo sahihi ni yangu. Hiyo haikudanganya."

Wale watatu wakanong'onezana. Kisha mwanamke wa tume akasema sheria yao inataka shahidi awe mtu wa kweli aliyeona kwa macho yake, na mtu wa kweli ni huyu hapa. Kura imekubaliwa. Akamshukuru, akamtakia siku njema, na kioo kikawa cheusi.

Madam akafunga kompyuta. Halafu akasema, "Baba asijue," akaenda chumbani. Hakumfukuza. Hakumgombeza. Siku tatu, wakiwa wawili tu, alimwita kwa jina lake, Serah, polepole, kama mtu anayejaribu kiatu kipya, na Serah akaanza kupumua kidogo. Alijiambia huenda mwanamke mwenye pasipoti mbili ana ukuta mnene kuliko wetu sisi, na mtu anaweza kujificha nyuma yake.

Mwalimu alitangazwa meya. Madam alilia kwa furaha, akaja jikoni na simu.

"Tazama, umekuwa maarufu! Kule kwetu kila kitu ni wazi. Maelezo ya shahidi huwekwa kwenye mtandao, mtu yeyote asome. Na gazeti limekuandika."

Serah akatazama. Ilikuwa picha yake, imenaswa kutoka kwenye vidio, mkono juu. Chini yake jina lake lote, herufi zote alizotaja. Al-Nuzha, Jeddah. Jina la Madam na la ukoo wa mumewe. Madam akateremsha ukurasa kumwonyesha jinsi watu walivyoisambaza, na maelfu ya hao walikuwa wameandika kwa Kiarabu.

"Madam," Serah akasema. "Hukusikia nilichowaambia?"

Madam alimtazama. Akarudia kusoma ukurasa tangu juu. Serah aliona tabasamu likimtoka usoni taratibu, na ndipo alipojua kwamba Madam alikuwa amesikia, ila hakuwahi kufikiri kwamba Riyadh nao wanasoma.

Simu haikuchelewa. Kesho yake mchana Serah alikuwa anapeleka kahawa sebuleni Baba alipoipokea. Baba alisema aywa, yaani ndiyo, mara tatu, kisha akafunika simu kwa kiganja na kumgeukia mkewe.

"Kuna mtu wa Riyadh. Anauliza kama tuna mfanyakazi anaitwa Serah."

Serah alisimama na sinia.

"Mafi," Madam akajibu bila kuinua macho. "Tuna Maryann."

Baba akayarudia maneno hayo kwenye simu. Akasikiliza, safari hii kwa muda mrefu, na uso ukambadilika. "Anasema ana picha," akasema. "Anasema yuko hapa Jeddah, uwanja wa ndege, na anakwenda kuchukua polisi. Abir, umeleta nini nyumbani mwangu?"

Madam akainuka. Alimpokea Serah sinia, akaliweka chini, akamvuta mkono mpaka mlango wa nyuma ambako Justus alikuwa anaosha gari. Kwenye msumari akatwaa abaya yake mwenyewe, baibui lile la vifungo vingi mbele, na kumvisha.

"Justus akupeleke anakojua. Usichukue kitu. Usiniambie ni wapi."

"Madam, wewe watakufanya nini?"

"Sijui," Madam akasema. "Mimi sijui kabisa."

Akaanza kumfunga vifungo. Kimoja kikamponyoka vidoleni, akakirudia, kikamponyoka tena. Serah alivitazama vidole vile, na ukuta wote aliokuwa amejijengea siku tatu ukamwishia hapo. Sebuleni Baba alikuwa anampigia mtu simu. Serah akaishusha mikono ya Madam, akajifunga vifungo mwenyewe, akatoka.