Chini ya Rangi ya Maganda

"Fundi Habla, tangu lini unachonga mbao nyeupe?"

Aliyeuliza ni Lasa mwoka mikate, amesimama mlangoni na mikate ya asubuhi mkononi. Habla akacheka bila kuinua kichwa. Huyu Lasa kila mti kwake ni kuni tu.

"Huu ni mzizi wa mjozi, bwana, mweusi wa kuzaliwa. Miaka sita umekauka darini kwangu. Ni lango la ziara hili, la kaburi la walii, si chakula cha tanuri lako."

"Juu mweusi, sikatai. Lakini hapo ulipokata sasa hivi ni peupe pe. Na vibanzi vyote hapo chini vyeupe."

Mkono wa Habla ukasimama. Macho yake yamefunga ukungu mwaka wa pili huu. Mtaa mzima unajua, yeye peke yake ndiye anayekana. Akaokota kibanzi, akakitafuna. Kisha akalamba uso wa ubao. Juu palikuwa na uchungu wa maganda mabichi ya jozi, yale yanayotia watu weusi mikononi kila msimu wa mavuno. Ndani hamna kitu. Mbao ya chini ya gome hiyo, chakula cha wadudu, na fundi anayejiheshimu haitii hata kwenye kigoda.

Akapigwa na butwaa. Miezi mitatu! Na patasi ilivyokuwa ikiteleza, akawa anamsifu binti yake kwa kujua kunoa.

Lasa akaweka mikate chini, akaondoka taratibu.

"Taja," Habla akaita. Binti yake akashuka ngazi. "Nani ameniuzia uchafu huu?"

"Hujauziwa, Baba. Nimeupaka mimi. Kila jioni nikisema nafuta vumbi, nilikuwa napaka pale ulipochonga mchana."

"Na mzizi wangu uko wapi?"

"Uko darini. Ubao wake wa kwanza uliukata ukapasuka, hukuona. Ukabaki huo mmoja, nikauficha usije ukapasuka nao, na watu wa ziara wanakuja kesho kuchukua lango lao."

"Nani anauchonga?"

Taja akaitazama mikono yake. Katika ukoo wao mwanamke hupiga msasa na kung'arisha, patasi haishiki. Habla alitaka kufoka. Aibu ilimchoma, na chini ya aibu palikuwa na hofu: kama si mchongaji, yeye ni nani?

Akapanda darini kwa kupapasa. Akauwekea mzizi viganja viwili. Ulikuwa baridi na mzito, umechongwa majani ya mchinari, mapana kama viganja, toka ukingo hadi ukingo. Dole gumba likatembea jani kwa jani, likitafuta kosa, likiomba kosa. Lilipolipata, halikumfurahisha.

"Kila jani ncha yake imelala kushoto," akasema. "Mimi huyalaza kushoto kwa sababu kifundo changu kilivunjika nikiwa kijana. Wewe mkono wako mzima."

"Majani yako hulala kushoto, Baba. Nilitaka wajue ni kazi yako."

Habla akakaa sakafuni. Machozi yalimtoka, hakuyafuta. Vidole vyake vikafika pembeni, mahali palipokuwa bado laini.

"Limebaki moja hapa."

"Ndiyo."

"Hili lilaze unavyotaka wewe."

Taja hakusogea. Habla akavuta ubao, akaubana kwa magoti yake yote mawili usicheze, akageuza uso pembeni, akasubiri pigo la kwanza la patasi.