Chombo cha Angani Kiwanjani Segese

Fomu ya mtihani ilikuwa kwenye mfuko wa shati wa Mwalimu Donatus, haijasainiwa.

"Mama Esta," alisema, "vipindi vya fizikia umekosa vingi mno. Mtoto alikuwa na surua, najua, lakini mtihani haujui surua. Nieleweshe mada hii leo, nitasaini. Ukishindwa, tuonane mwakani, tisini na nane."

Mada yenyewe: chombo cha angani kinapigaje picha ya sumaku inayoizunguka Dunia, wakati sumaku haionekani?

Ndiyo maana jioni hiyo Mageni, mama Esta mwenyewe, aliwatoa wanafunzi wenzake, watu wazima wote, mpaka kiwanjani, Esta akiwa mgongoni, Mwalimu akiwafuata.

"Mlingoti wa bendera ndio Dunia," akasema. "Asiye na kofia ana chaji. Sumaku imemshika, azunguke, tena mbio! Kofia ni elektroni; wenye nazo ni gesi baridi, wamezubaa tu. Ukipita, mpore mmoja kofia. Ukishaivaa huna chaji, sumaku haikuwezi tena, nyoosha moja kwa moja ulikokuwa umeelekea. Aliyeporwa naye ananaswa, anazunguka."

"Kofia zirudi na lebo zake!" akapiga kelele Hozefa, aliyezitoa dukani kwake.

Mageni akajifunga kitambaa machoni, akasimama pembeni. Yeye ndiye chombo. Atakayemfikia amguse, naye atajua ametokea upande gani, yaani kofia imeporwa wapi.

Mayu we, mama yangu! Vumbi likatimka. Cornel, mchimba dhahabu mwenye mabega kama mlango, akapora kofia, akanyooka hadi ndani ya ua wa michongoma kwa kishindo.

"Hakunifikia, simhesabu!" Mageni akaita, Esta akicheka mgongoni mpaka kwikwi. Wengine wakafika. Pa! Kushoto. Pa! Kushoto tena. Kila pa, mstari mmoja chini kwa kijiti.

Ghafla: kulia. Kulia. Kulia!

Wenye kofia aliwapanga mwenyewe, kushoto. Amekosea? Akaamua kuamini mguso.

"Mwalimu, gesi imehamia kulia, kwenye tangi la maji."

Akafungua kitambaa. Wenye kofia wote walikuwa wamejibanza tangini, viganja midomoni. Katikati yao Mwalimu Donatus, aliyewahamisha kwa kunyata, naye kavaa kofia.

"Sijaona kitu," Mageni akasema, anahema, "lakini picha ninayo."

Kiwanja kikalipuka kwa vigelegele. Cornel akampora mwalimu kofia.

"Una chaji, Mwalimu! Zunguka!"

"Subiri, nisaini kwanza!"

Akasaini juu ya mgongo wa Hozefa, akampa Mageni fomu, akaanza mbio kuuzunguka mlingoti.