Mieleka Mahali pa Babu

Natangaza rasmi, mbele ya ukoo na majirani, kwamba zama za kurekodi televisheni zimefikia kikomo.

Hotuba hiyo niliitoa nikiwa nimesimama juu ya kigoda, sebuleni kwetu Tunduma, siku ya pili ya likizo, kwa sauti ya mkuu wetu wa bweni. "Kila kipindi kipo mtandaoni! Unabonyeza, kinakuja!"

"Shuka, Nesta, utavunja kigoda," alisema Bibi Enesi.

Bibi ana flashi ndogo iliyochomekwa nyuma ya king'amuzi. Ndani yake mlikuwa na kipindi kimoja tu, cha wakulima wa kahawa wa Mbozi, kilichorekodiwa mwaka mmoja kabla Babu Anania hajafariki. Babu anakohoa, anaonyesha mibuni yake, halafu anageuka na kuita: "Enesi, mgeni hana kiti!" Kila Jumapili baada ya ibada Bibi hukaa kumtazama, na akiitwa huitika, "Abee."

Mpango wangu ulikuwa mdogo na, kwa maoni yangu ya wakati ule, mzuri sana. Jumamosi nirekodi mieleka. Jumapili Bibi abonyeze, akutane na wanaume wawili wenye chupi za kung'aa wakirushana. Tucheke, kisha nimrudishie Babu wake. Flashi ikawa imejaa. King'amuzi kikauliza kama kifute cha zamani. Nikabonyeza Ndiyo bila wasiwasi, maana Babu si yupo mtandaoni?

Nilimaliza bando lote la mama nikimtafuta. Nilipata wakulima wa kahawa wa Brazili. Nilipata hata harusi ya Isongole. Babu hakuwemo.

Jumapili Bibi alirudi kanisani na jirani yetu, Mama Tabita. Wakakaa. Bibi akabonyeza. Jitu moja likainuliwa juu, likabwagwa. Kicheko nilichokiandaa tangu Ijumaa kiligoma kutoka.

"Ni tangazo," Bibi alimwambia mwenzake. "Likiisha atatokea."

Wakasubiri. Jitu likabwagwa tena.

"Mbona refu? Wanauza nini hawa?" aliuliza Mama Tabita.

"Labda dawa ya mgongo."

Nikanyanyuka taratibu kuelekea jikoni.

"Mke mwenza!" Bibi aliniita. Ndivyo anavyonitania tangu nizaliwe, eti mume wetu ni mmoja. "Unakwenda wapi?"

"Kuosha vyombo, Bibi."

"Bila kutumwa?" Akanitazama. Akaitazama televisheni. Akanitazama tena, safari hii kwa muda mrefu. "Haya, mtafute mume wetu huko mtandaoni kwako."

"Nimemtafuta tangu jana. Hayumo."

"Na humu?"

Rimoti ilikuwa bado mkononi mwake, ameielekeza kwenye kioo, kama mtu anayeamini kwamba kuna kitufe kingine hajakijaribu.

"Humu nilimfuta mimi, Bibi," nikasema. "Nilitaka tucheke."