Sura ya Mama Kwenye Sabuni

Dada yangu huchonga, mimi huchapa. Ndivyo tulivyogawana karakana aliyotuachia baba, na mambo huenda vizuri kila mtu akibaki na kazi yake. Shida ni kwamba mimi nina kiherehere.

Mama mmoja anayetengeneza sabuni alituletea picha ya marehemu mama yake, tuichonge kwenye kibao kisha tumchapie karatasi za kufungia.

"Nataka mama yangu mwenyewe," alisema, "si mtu anayefanana naye. Na kidoti chake cha shavu la kushoto msikisahau."

Kibao kikichapwa hugeuza kila kitu, kushoto kukawa kulia. Kwa hiyo mimi huchora kwenye karatasi, dada huilaza kifudifudi juu ya mti na kuisugua, mchoro ukahamia ukiwa umeshageuka, ndipo anachonga. Safari hii nikaona nimpunguzie kazi: nikauchora ukiwa umegeuzwa tayari. Nikasahau kumwambia. Naye akaulaza kifudifudi kama kawaida. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Tuligundua siku ya kukabidhi, karatasi ya kwanza ilipotoka. Kila unywele ulikaa pake, macho yanacheka, lakini kidoti kiko shavu la kulia. Dada alinipa vidonge vyangu, nikavimeza bila maji. Kibao kingine kigumu namna ile hatukuwa nacho, na sabuni zilikuwa zimeshakatwa, zinasubiri kuvikwa.

"Utamwambia wewe," alisema.

"Kwa nini mimi?"

"Kwani ni mimi niliyemhamisha marehemu kidoti?"

Hatujamaliza kubishana, mwenyewe huyo mlangoni. Akaichukua karatasi, akaisogeza penye mwanga. Nikaanza kujieleza, akaninyamazisha kwa mkono.

"Alikuwa akinisuka kila Jumapili," alisema. "Nakaa chini, katikati ya magoti yake, mbele ya kioo. Uso wake nauona humo kiooni tu, maana nikigeuka napigwa kitana!" Akacheka, machozi yanamtoka. "Kidoti kilikuwa upande huuhuu. Jamani, mlijuaje?"

Nikafungua mdomo. Dada akanikanyaga mguu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nilimwelewa haraka.

Mama wa sabuni alijifuta uso kwa ncha ya mtandio, akaturudishia karatasi.

"Chapeni zote hivihivi," alisema. "Huyu ndiye niliyekuwa naongea naye."