Sombe ya Solange

Kwao Siméon, kule Alimbongo, musichana haombwi mpaka shangazi ya kijana aonje mboga zake. Nyama haiangaliwi. Nyama, hata mulevi anaipika. Wanataka sombe ya majani ya muhogo, lenga-lenga, ndiyo muchicha, na maharagi, na bugali pembeni, na siku hiyo mama ya musichana hana ruhusa ya kumwambia mutoto wake neno hata moja. Anakaa nje kama mugonjwa anayengojea daktari.

Mama Florentine wa Kimemi alijua desturi ile. Alijua pia kwamba Solange wake alikulia kwa masista huko Beni, miaka sita, akafunzwa kupiga mashini ya kuandika na kuimba sauti ya pili, na kwamba mboga hakuzijua ila zikiwa tayari kwenye sahani. Lakini Solange alimupenda Siméon, fundi wa cherehani, mpaka usingizi ukamukimbia, na Shangazi Maliro alikuwa amekwisha kukataa wasichana wawili. Lenga-lenga ya wa kwanza iliogelea. Maharagi ya wa pili yalilia chini ya meno.

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili, wakati wa vita, majeshi yakibadili jina kila mavuno. Jina tu, tumbo lilibaki lile lile. Chumvi ilikuwa adimu. Miezi mitatu Florentine alikula chakula kisicho na ladha kama mahubiri ya padri mwenye njaa, akichunga chumvi yake ndani ya kopo kwa ajili ya siku hii moja.

Shangazi Maliro akafika asubuhi, mwanamuke munene, rozari shingoni, pua ya kunusa mambo ya watu. Akaweka kiti chake katika mulango wa jikoni. Florentine akaonyeshwa kibao uani, hatua tano kutoka pale.

Solange akaanza kutwanga sombe. Kinu kilisema tu, tu, tu, kama mutu anayeogopa kuamusha wafu. Kwa mwendo ule majani yangelainika mwaka ujao. Florentine akavumilia, akavumilia, halafu akatoa rozari yake akapiga magoti papo hapo kwenye vumbi. Desturi ilikataza kusema na mutoto. Kusema na Bikira Maria, nani atakataza?

“Ee Mama Maria,” akaomba kwa sauti ya kwaya nzima, “umusaidie huyu mutoto wako apige kinu kwa nguvu. Mukono wake hauna homa.”

Kinu kikaanza kunguruma. Shangazi Maliro akageuza shingo polepole. Lakini yeye ndiye aliyeongoza sala za wamama parokiani kwao. Angemukatazaje mwenzake kusali? Akaitikia amina kama mutu anayemeza dawa ya minyoo.

Tangu hapo Bikira hakupumuzika. Akaombwa lenga-lenga itoke motoni kabla haijawa supu. Akaombwa maharagi yaongezewe maji. Akaombwa sombe ichemke mpaka harufu ya majani mabichi iishe, ndipo mawese yaingie, kwani tumbo la wakwe si kitu cha kuchezea.

Kosa likaja na chumvi. Solange alikuwa ametia ya sombe kimya kimya, akifurahi kwamba amekumbuka mwenyewe. Florentine hakuona. “Mama Maria, chumvi sasa, na asiogope,” akaomba. Masista walikuwa wamemufunza Solange kutii. Akatia tena. Lori likapita barabarani, Florentine akadhani hakusikiwa, akarudia sala, na kopo lote likaingia.

Shangazi Maliro, aliyeona yote, akashika rozari yake naye.

“Bikira mubarikiwa,” akasema, “umuambie huyu mukwe kama chumvi ya kopo yote imeisha mu sombe.”

Florentine akabaki magotini, sala zikamwishia. Ndoa ya mutoto wake alikuwa ameizamisha yeye mwenyewe.

Ndipo askari mwenye ndevu akaingia uani, bunduki begani, masufuria mawili ya watu wengine yakining'inia mugongoni. Alifuata harufu ya mawese. Akasema kwa Lingala kwamba ana njaa, akafunua sombe, akajitilia kinywani mwiko muzima.

Macho yakamutoka. Akalia “Mungwa!”, yaani chumvi, akarukia mutungi, akanywa vikombe vinne. Akasema wamama wa hapa wanataka kuua jeshi kwa chumvi. Vyungu vingine hakuvigusa. Alijua mupishi ni yule yule. Akaenda zake.

Shangazi Maliro akakitazama kile chungu.

“Sisi kule Alimbongo tuko kando ya barabara,” akasema mwishowe. “Kila jeshi inasimamaka kwetu. Miaka mbili tunapika, hapana kula. Bale bawasichana bawili, hata bangepika muzuri, sufuria yao ingeendaka na baaskari. Donc, basi, ni huyu. Sombe yake inabakia mu nyumba.”

Florentine akauliza kwa sauti ndogo familia itaila namna gani.

“Maharagi na lenga-lenga hazina chumvi hata kidogo,” Shangazi akamujibu. “Tunachanganya. Baaskari habana akili ile.”

Akala sahani mbili. Halafu akamuuliza Solange alitia mara ngapi, na kiasi gani kila mara. Solange hakujua. Ikabidi wakae chini wote watatu, wakumbuke.