Kifua ya Mutu Mwenye Hakuzaliwa

Musiniambie "pole". Nimeshasikia zile pole mingi, na yaya yangu Clotilde, dada yangu mukubwa, iko mu udongo.

Tangu tuvuke maji kutoka Congo, miye na yaya tulikuwa tunakausha samaki na moshi hapa Kashikishi. Miaka munane tunainamia tanuru. Kila mama wa moshi anakohoa. Hatukuhesabu ile kama ugonjwa, ile njo kazi.

Mwaka jana dokotere Chibwe, kijana wa hapa Nchelenge, alikuja na mashini ya kupiga foto ya ndani ya kifua. Akasema badokotere banajifunza magonjwa na picha zenye kompyuta inachora yenyewe, lakini kompyuta inapashwa kuona kwanza bifua ya kweli. Akaomba bamama ba moshi bakubali.

Njo miye nikasimama. Eh, huu mudomo wangu! Nikasema: "Kule Kenani, ku kambi ya bakimbizi, balichukua foto ya sura, balichukua na alama ya bidole. Leo munataka mupaka ndani ya mwili? Foto yangu ikilala kwa mugeni, nani anajua ataniroga namna gani?" Kwetu mutu hapatiani foto yake hivi hivi. Bamama bakapiga makofi, na miye nikajiona mwanamuke kweli.

Yaya peke yake njo alinivuta kitenge. "Fidélie, acha. Miye nataka bapime kifua yangu."

Nikamwambia: "Yaya, nyamaza, usituletee haya." Alikuwa mukubwa wangu, lakini akanyamaza.

Chibwe hakubishana. "Haina shida," akasema, "kompyuta itachora bila ninyi." Akapanda motokari, akaenda. Hakuuliza mara ya pili, na ile sitamusamehe.

Kompyuta ikachora kweli. Bifua ya batu benye hawakuzaliwa, benye hawakupuliza moto hata siku moja. Chibwe akajifunza na ile.

Kisha mvua, kikohozi ya yaya ikazidi, nikamupeleka ku hopitali. Chibwe akapiga foto, akaona madoa kila pahali. "Ni TB," akasema. Bakapima makohozi, hakuna kitu. Nikamuuliza: "Dokotere, haiwezi kuwa moshi?"

"Mama, nimesoma picha mia tano za TB. Zote ziko hivi."

Mia tano! Na hata moja haikukuwa ya mama wa tanuru. Hapo nilijua juu ya nini: miye njo nilikatazaka bamama. Siku ya kusema nilinyamaza.

Yaya akameza zile dawa bila kuruka hata siku moja. Mwezi wa pili macho yake ikakuwa manjano. Dokotere mukubwa wa hopitali ya Mansa akaangalia ile foto, akatikisa kichwa: haikukuwa TB, ilikuwa moshi, na dawa imeshakula maini. Kisha siku ine tulimuzika.

Chibwe alikuja ku matanga na karatasi. Alikuwa analia, na ile machozi ilinikasirisha kuliko yote. Akaomba ruhusa foto ya yaya iingie mu masomo, mwingine asikosewe tena.

"Mutaandika jina yake?"

"Hapana, mama. Majina hatuandikake."

Nilitaka kumutemea mate. Nikaweka kidole mu wino, nikabonyeza.

Yaya alitaka bapime kifua yake. Sasa banaipima kila siku.